Kijana wa Ntalikwa Hajaharibiwa na Simu

Kila kongamano la fasihi lina mzee wake. Muda wa maswali ukifika anashika maiki, anasafisha koo, anatangaza kwamba vijana wa siku hizi hawasomi kwa sababu simu zimewaharibu. Ukumbi unatikisa vichwa. Anakaa. Tunaenda kunywa chai.

Siku hizi hata sisi wa miaka thelathini na kitu tumeanza kuimba wimbo huohuo. Majuzi nimeukuta kwenye kundi moja la WhatsApp la waandishi, umeandikwa na mtu ambaye kazi zake naziheshimu: mpe kijana wa Tabora bando, atabeti, hatasoma. Madole gumba yakamiminika.

Naomba nipinge, na nipinge kwa nguvu. Kijana wa Tabora, na hapa namsema hasa kijana wa Ntalikwa, ambako nina ndugu na ninakofika mara kwa mara, hajaharibiwa na simu. Simu yake ndiyo iliyoharibiwa kabla haijamfikia mkononi. Imepangwa kwa sheria, kwa bei na kwa matangazo ifanye jambo moja kwa wepesi kuliko mengine yote, nalo ni kamari. Mengine yote, kusoma kukiwemo, yamewekewa vizuizi njiani. Halafu tunamgeukia yeye na kumwita mvivu.

Kwa asiyeifahamu, Ntalikwa ni kata ya Manispaa ya Tabora. Ukisikia neno manispaa usianze kuwaza taa za barabarani. Ni vijiji, mahindi, tumbaku, mizinga ya nyuki huko kwenye miombo, na miembe. Watu wazima wa Tabora watakwambia miembe mingi ya mkoa huu ilianza na wasafiri wa misafara, wale wapagazi na wafanyabiashara waliokuwa wakitoka Bagamoyo kuja Unyanyembe na kuendelea Ujiji. Njia ile ilipita huku. Nitairudia, kwa sababu bila njia ile hatuelewi simu hii.

Sasa tuangalie safari mbili, zote zinaanzia kwenye kiganja kimoja.

Safari ya kwanza. Kijana ana kiswaswadu, ile simu ya vitufe ambayo betri yake inakaa siku nne. Hana bando na hahitaji bando. Anabonyeza nyota, namba tatu, nyota tena, namba mbili, reli. Menyu inafunguka. Menyu yenyewe ni ya Kiswahili, na nikwambie ukweli, ni Kiswahili kizuri: kifupi, kinaeleweka, hakina neno la bure. Anachagua mechi, anaweka jero kutoka kwenye salio lake la pesa, anapokea ujumbe wa kuthibitisha. Dakika mbili hazijaisha. Akishinda, pesa inarudi kulekule ilikotoka. Hakuombwa kadi ya benki wala barua pepe, wala hakuambiwa ajaribu tena baadaye.

Safari ya pili. Kijana huyohuyo anataka kusoma hadithi. Kiswaswadu hakimsaidii, kwa hiyo aazime simu janja ya kaka yake au asubiri mpaka msimu wa tumbaku ulipe. Akiipata, anunue bando. Bando lina saa ya kufa: la siku linakufa baada ya siku, amesoma au hajasoma. Aingie kwenye ukurasa kama huu wetu, ambao tumeupamba kwa picha kubwa ya juu, na picha ya mwandishi, na video inayojicheza yenyewe. Akitaka kitabu kamili, duka la mtandaoni linamwongelesha Kiingereza na kumtaka kadi ya benki. Akiamua kununua cha karatasi, kitabu kiko Dar es Salaam, kitapanda basi kama mzigo, na nauli ya mzigo huo anailipa yeye. Ndiyo, maktaba ya mkoa ipo mjini. Lakini nenda-rudi ya bodaboda kutoka Ntalikwa mpaka mjini ni pesa ambayo ukiigawa kwa jero unapata mikeka ya wiki nzima.

Nilimuuliza dogo mmoja wa bodaboda pale kwenye kijiwe chao kwa nini anabeti kila siku na anajua kabisa kwamba kampuni ndiyo inayopata. Hakukasirika. "Kaka, mia tano ya mkeka ikipotea imepotea," alinijibu. "Na mia tano ya bando nayo inapotea kesho asubuhi. Sasa si bora ile yenye matumaini?"

Nimekaa na jibu lile muda mrefu. Ni hesabu kamili, ameifanya mtu ambaye kongamano letu linasema hafikiri. Amelinganisha bidhaa mbili za bei moja zinazoisha kwa muda mmoja, akachagua ile yenye uwezekano wa kurudi. Matumaini yale ni ya uongo, najua, na kampuni zinajua zaidi, maana odi zimepangwa ili mwisho wa mwaka nyumba ishinde. Ila mtu anayetaka kumpa dogo yule ushauri aje kwanza na bidhaa ya tatu.

Sisi wa fasihi tuna deni hapa kwa sababu vita hii ilianza kwenye maneno, eneo letu, na tumenyamaza.

Chukua neno mkeka. Mkeka ni kitu cha kukalia, cha kusalia, cha kulalia mgonjwa, cha kuanikia mchele. Leo ukiwa Tabora mtu akikwambia mkeka wake umechanika, humpi pole ya mkeka. Unajua timu moja kati ya nane imemwangusha. Sina ugomvi na neno hilo, mtaa umelitunga na limekaa vizuri. Lugha hai ndivyo inavyofanya. Hata kindege, jina ambalo vijana wameupa ule mchezo wa Aviator, wa ndege inayopaa na pesa yako mpaka itoweke, ni jina la mtu mwenye kipaji. Na beti, jamani! Neno ambalo kwetu lilikuwa la washairi, ubeti mmoja, beti mbili, sasa ukilitamka kijiweni unaulizwa unachezea kampuni gani.

Maneno ya mtaani hayanisumbui. Linalonisumbua limetungwa ofisini: mchezo. Mwaka 2003 Bunge lilipitisha Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, na chombo kinachosimamia kinaitwa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Kiswahili tayari kilikuwa na neno. Kamari. Neno la zamani, lenye uzito, ambalo bibi yako akilitamka sura yake inabadilika. Lilikuwa na onyo ndani yake. Likawekwa pembeni, tukapewa mchezo na bahati, maneno mawili matamu, kama mtu anayekuuzia sumu kwenye chupa ya asali. Na bodi hiyo iko chini ya wizara gani? Siyo ya afya, siyo ya vijana, siyo ya utamaduni. Iko chini ya Wizara ya Fedha. Basi hapo sera imejieleza yenyewe. Dogo wa Ntalikwa, kwa jicho la serikali yake, anapobonyeza nyota na reli, ni chanzo cha mapato.

Mkanganyiko wa neno hilo unawaumiza hata wasiohusika. Kuna vyumba vya PlayStation mjini Tabora ambako watoto wanalipa kwa mechi na kucheza mpira wa kwenye skrini. Kuna wengine wanacheza Free Fire kwenye simu, wamejiunga timu na wenzao wa Mwanza na Nairobi. Hizo ni gemu. Ukishindwa umeshindwa mabao, unampisha mwenzako. Zina hadithi, zina ufundi, na mtoto anayezicheza anasoma maelekezo ya lugha asiyoijua mpaka ayaelewe, jambo ambalo walimu wake wameshindwa kumfanya alitende kwa miaka saba. Lakini kwa sababu serikali imeiita kamari mchezo, mzazi naye anaita gemu kamari, na siku ya operesheni mgambo anapita anafunga chumba cha PlayStation na kuiacha imesimama ile mashine ya kutumbukiza sarafu ya mia mbili iliyo mlango wa pili. Maana mashine ina stika ya leseni.

Turudi kwenye njia ya misafara.

Msafara uliotoka pwani kuja Unyanyembe ulilazimika kuvuka Ugogo, nchi kavu ambako maji yalikuwa na wenyewe. Watemi wa huko walitoza ada ya kupita: vitambaa vya merikani na kaniki, ushanga, waya. Ada hiyo iliitwa hongo. Burton aliyefika Tabora mwaka 1857 aliilalamikia, Stanley aliyefika mwaka 1871 aliilalamikia zaidi, na wafanyabiashara wa pwani waliilipa huku wamenuna. Leo neno hilo limebaki kwenye lugha yetu kwa maana moja tu, rushwa. Sijui kama kuna neno jingine la Kiswahili lililoporomoka kwa mnyofu kiasi hicho: kutoka kodi ya mtawala mpaka bahasha ya chini ya meza.

Lakini tuwatendee haki wale watemi. Hongo ilinunua kitu. Ukilipa, unachota maji na unapita salama. Na aliyelipa alikuwa mwenye mzigo, tajiri wa pembe na vitambaa. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyebeba ule mzigo begani hakutoa hongo mfukoni mwake.

Sasa njoo mwaka 2021. Tarehe 15 Julai serikali ilianza kutoza miamala ya simu: kutuma na kutoa, kuanzia shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala, juu ya makato ya kampuni ambayo tayari yalikuwepo. Hapa hakuna tajiri wa msafara. Ni mpagazi analipa. Ni mtoto aliyeko Dar anamtumia mayu wake wa Ntalikwa pesa ya dawa, ni mama anamtumia mwanafunzi nauli ya kurudi shule. Kelele zilipokuwa kubwa ikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba ileile, ikapunguzwa tena mwaka uliofuata, na kufikia bajeti ya 2023/24 ile ya kutuma ikaondolewa. Nitakuwa muungwana niseme tuliambiwa pesa ile inajenga madarasa na vituo vya afya, na madarasa yapo yaliyojengwa. Swali langu si hilo. Swali langu ni kwamba serikali ilipohitaji pesa kwa haraka, jicho lake lilikwenda wapi kwanza? Lilikwenda kwenye mtu anayemtumia mama yake pesa. Miaka ile watu wengi walirudi kufunga noti kwenye leso na kumpa kondakta wa basi apeleke, kama vile M-Pesa haijaingia nchini tangu mwaka 2008.

Hiyo ni tozo ya pesa. Ya maneno ilitangulia.

Mwaka 2018 zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni. Mwenye blogu, naam, mtu kama mhariri wa ukurasa huu unaousoma, alitakiwa aombe leseni TCRA: ada ya maombi, ada ya leseni, ada ya mwaka, jumla inapita shilingi milioni 2. Ukiandika bila leseni, faini isiyopungua milioni 5, au jela isiyopungua miezi 12, au vyote. Mwezi Juni mwaka ule JamiiForums ilizima huduma zake. Elsie Eyakuze, mwandishi wa safu ambaye wengi wetu tulijifunza kwake jinsi ya kuwa wakali bila kuwa wajinga, alisimamisha blogu yake ya The Mikocheni Report. Blogu ndogo za mashairi, za hadithi za kuendelea, za wanafunzi wa vyuo, hazikutangaza chochote. Zilikauka tu. Baadaye kanuni zililegezwa, mwaka 2022 zikafanyiwa marekebisho, na leo ada si ileile. Lakini shamba lililochomwa kiangazi haliotwi na mahindi kwa sababu umetangaza moto umezimwa. Waandishi wa umri wa miaka ishirini waliopaswa kuanza mwaka 2018 waliambiwa mapema kabisa kwamba kuandika mtandaoni ni kazi ya wenye milioni 2 au wenye moyo wa kufungwa. Wengi hawakuwa na vyote viwili. Wakaenda kufanya nini na simu zao? Mnalijua jibu, mnalilaani kila kongamano.

Utaniambia kampuni za kamari nazo zinalipa leseni, tena kubwa. Ni kweli. Kampuni inalipa leseni kisha inakusanya mamilioni ya jero. Mshairi alipie leseni kisha akusanye nini? Ukiweka lango lenye ada, atakayepita ni yule ambaye mzigo wake una faida ya haraka. Ndivyo ilivyokuwa enzi za pembe za ndovu, ndivyo ilivyo sasa. Hakuna msafara uliowahi kulipa hongo Ugogo kwa sababu umebeba vitabu.

Orodha ya vizuizi ni ndefu na sitaimaliza. Juni 2016 walizimiwa simu wenye simu bandia, na tujiulize ni nani hununua simu bandia kama si asiyemudu ya kweli. Januari 2020 ilikuwa mwisho wa kusajili laini kwa alama za vidole, na ili usajili ulitakiwa uwe na namba ya NIDA, na ili upate namba hiyo ulipanga foleni. Oktoba 2023 tukaambiwa tusajili VPN. Mei 2025 mtandao wa X ukafungwa. Septemba 2025 JamiiForums ikasimamishwa kwa siku 90. Na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ya nchi nzima ikakatwa na kukaa hivyo kwa siku kadhaa.

Hiyo ya mwisho nayo ina mfano wake Tabora. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo aliifunga njia ya Ujiji. Stanley alikuwa hapa hapa, alijiingiza kwenye vita ile upande wa Waarabu wa Unyanyembe na wakapigwa. Shuleni tulifundishwa Mirambo ni shujaa, na mimi nakubali. Alifunga njia kwa washindani wake wa biashara ambao walikuwa wakimnyima sehemu yake, na alipopata alichotaka akaifungua. Sisi tumefungiwa na watu wetu, na hatukuwa tukishindana nao biashara yoyote. Siku zile ndugu zangu wa Ntalikwa hawakuweza kujua kama wa Dar wako hai. Sitaki kuliandika hilo kwa utani.

Ukiziweka zote pamoja, somo analolipata kijana ni moja. Simu ikikupeleka kwenye maneno, utapata shida. Ikikupeleka kwenye kamari, utapata menyu. Miaka kumi ya somo hilo inatosha kumfundisha mtu yeyote, hata mzee wa maiki.

Najua mtakayonijibu, kwa hiyo tuyamalize hapa.

La kwanza, kamari inalisha mpira. Linalisha, sibishi. Mwaka 2017 SportPesa iliingia kwa Simba na Yanga kwa mpigo, na Julai ya mwaka huo Everton ikaja Uwanja wa Taifa kucheza na Gor Mahia, Wayne Rooney akafunga, na nchi nzima ikajifunza jina la kampuni bila kufundishwa. Agosti 2022 Simba ilisaini na M-Bet mkataba wa miaka mitano wa shilingi bilioni 26.1. Yanga mwaka huohuo iliongeza na SportPesa kwa bilioni 12.3. Pesa ndefu. Lakini zinatoka wapi? Zimekusanywa jero kwa jero kutoka kwa shabiki, zikapelekwa kwa klabu ili klabu ivae kifuani tangazo la kumwambia shabiki alete jero nyingine. Mtoto wa Ntalikwa akivaa jezi ya timu yake amevaa bango la kamari, na sheria inasema asiyefika miaka 18 haruhusiwi kubeti. Kuvaa anaruhusiwa.

La pili, mtu mzima ana akili zake, achague. Hili linasemwa na watu walewale walioona mtu mzima huyohuyo hawezi kuachwa asome blogu isiyo na leseni. Chagueni moja. Kama ana akili za kupambana na odi zilizotengenezwa na wataalamu wa hesabu, basi ana akili za kusoma insha yangu bila kulindwa.

La tatu, basi ipigwe marufuku. Hapana, na hapa najua nitawaudhi wenzangu. Uganda mwaka 2019 ilitangaza haitatoa tena leseni mpya za kubeti. Kenya mwaka huohuo ilikataa kuhuisha leseni ya SportPesa, na Aprili 2025 ikasimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Nenda Kampala au Kisumu uangalie kama vijana wameacha. Kufuli la marufuku peke yake halileti bidhaa ya tatu. Linawapeleka kwenye kampuni zisizo na leseni yoyote, na zaidi ya yote linaipa serikali kisingizio kingine cha kuchungulia simu zetu. Nimeshachoka kuchunguliwa.

Ninachotaka ni kidogo na kinawezekana. Kamari iitwe kamari kwenye sheria, kwenye leseni na kwenye tangazo. Herufi kubwa, kifuani kwa jezi, tuone nani atavaa. Usimamizi wake utoke Wizara ya Fedha uende mahali ambapo mafanikio hayapimwi kwa makusanyo. Matangazo ya redioni saa za watoto kusikiliza yaishe. Maandishi matupu yasiyo na picha, vitabu, magazeti, masomo, yapite kwenye mitandao ya simu bila kula bando. Sisemi ndoto: Taasisi ya Elimu ina Maktaba Mtandao yenye vitabu vya kiada, na nchi ina Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, ambao kazi yake ni kufikisha mawasiliano kule ambako kampuni haioni faida. Minara umejenga. Mnara ukishasimama Ntalikwa, unapitisha nini? Hilo nalo ni swali la mfuko huo.

Na sisi je? Serikali ina Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, mshindi anapewa milioni 10 na kitabu chake kinachapishwa. Nafurahi kwa kila anayeshinda. Gurnah alipopata Nobel mwaka 2021 tulishangilia, na mwaka uliofuata *Paradise* ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la *Peponi*, kwa mkono wa Ida Hadjivayanis, riwaya yenye msafara unaoelekea bara, yaani huku. Ni nakala ngapi zimepanda basi kuja Tabora? Tunaandika kuhusu njia ile halafu hatuitumii. Tumekubali kuwa waandishi wa watu wenye waifai, na asiyekuwa nayo tunamwita hasomi.

Wakati huo kampuni za kamari zimefanya kazi tuliyotakiwa kufanya sisi. Zimemfuata msomaji kwenye kiswaswadu chake, zimemwandikia kwa lugha yake, zimepima kila neno. Waandishi wa zile menyu ndio wanaosomwa zaidi Tanzania kuliko mshairi yeyote aliye hai, na hatujui hata majina yao.

Hesabu zake si ngumu. Hadithi fupi ya maneno 3,000, ukiiondolea mapambo, ina uzito wa takriban kilobaiti 20. Video ya dakika moja inaila mara mamia. Ujumbe mfupi wa simu ni herufi 160. Ubeti mmoja wa tarbia, mistari minne ya mizani kumi na sita, unakaribia kutosha humo. Shairi la beti tano ni jumbe tano au sita, moja kila asubuhi kabla kijiwe hakijachangamka, na mstari wa mwisho wa kila ubeti unamfanya mtu asubiri kesho, kama anavyosubiri matokeo ya mechi. Namba za nyota na reli zinatolewa na TCRA kwa maombi. Kampuni za kamari ziliomba zikapewa. Vyama vya waandishi tunavyo, vina katiba, vina wenyeviti, vina vikao vya mwaka. Kikao kijacho mwenye hoja ya kuomba namba anyooshe mkono, nauli yangu ya kuja Dar nitajilipia.